Somo: Kuhamisha mpango wa kugawa intaneti kutoka kwenye karatasi hadi kwenye MikroTik

Wadau, wengi hukimbilia Winbox (programu ya kusimamia ruta za MikroTik) mkononi hawana namba. Mpango unaosema "simu zipewe kipaumbele" ruta haiuelewi. Tuchukue ofisi yenye laini ya kupakia Mbps 10, simu za mezani za intaneti, mfumo wa mauzo, na kompyuta zinazotuma mafaili mazito mchana kutwa.

1. Piga hesabu. Simu moja ya G.711 (mfumo wa kusimba sauti) hula karibu kbps 87 kila upande. Simu 10 kwa mpigo ni kama kbps 870, basi sauti itengewe 1M (yaani Mbps 1), mauzo 3M, mengine 5M. Jumla ni 9M, na si 10M, kwa makusudi: laini ikijaa pomoni, foleni inajipanga kwenye modemu ya mtoa huduma, na kule huna amri.

2. Zima fasttrack (njia ya mkato ya ruta) kwenye `/ip firewall filter`. Pakiti (vipande vya data) zinazopita njia hiyo, mangle (sehemu ya kubandika alama) haizioni kabisa. Hapa ndipo wengi hukwama.

3. Bandika alama. Simu nyingi za ofisini hutuma sauti ikiwa na DSCP 46, namba ndani ya pakiti inayoonyesha uzito wake. ether1 hapa ni tundu la ruta linaloelekea kwa mtoa huduma.

```
/ip firewall mangle
add chain=postrouting out-interface=ether1 dscp=46 action=mark-packet new-packet-mark=sauti passthrough=no
add chain=postrouting out-interface=ether1 dst-address=203.0.113.10 action=mark-packet new-packet-mark=mauzo passthrough=no
add chain=postrouting out-interface=ether1 action=mark-packet new-packet-mark=mengine passthrough=no
```

Mstari wa mwisho usiuruke. Pakiti isiyo na alama hupita bila kupanga foleni. Anwani hiyo ni ya mfano, weka ya seva yako. Kama unatumia PPPoE (kuunganishwa na mtoa huduma kwa jina na nywila), badala ya ether1 andika jina la kiunganishi cha PPPoE.

4. Jenga foleni. limit-at ni kasi ya uhakika, max-limit ni kikomo, na priority ndogo hutangulia kubwa.

```
/queue tree
add name=kupakia parent=ether1 max-limit=9M
add name=sauti parent=kupakia packet-mark=sauti limit-at=1M max-limit=2M priority=1
add name=mauzo parent=kupakia packet-mark=mauzo limit-at=3M max-limit=9M priority=3
add name=mengine parent=kupakia packet-mark=mengine limit-at=5M max-limit=9M priority=8
```

5. Jaribu laini ikiwa imebanwa. Pakia faili kubwa, kisha piga simu. Kwenye Winbox foleni ya "mengine" iwe nyekundu, sauti ibaki safi.

MASWALI

*Mkuu, nimeweka priority=1 ila sauti bado inakatakata.*
Foleni mama ina max-limit? Bila hiyo watoto hawana cha kugombania. Kisha tazama kaunta ya "sauti" wakati simu iko hewani. Ikisoma sifuri, simu zako hazibandiki 46. Zitambue kwa anwani zake.

*Na upande wa kupakua?*
Jenga mti wa pili, mzazi awe bridge ya LAN (inayounganisha mtandao wa ndani). Usitegemee 46 kwa trafiki inayoingia, mara nyingi huvuliwa njiani. Tumia anwani ya seva ya simu.

*Kwa nini sauti isiachiwe 9M yote?*
Programu yoyote inaweza kujibandikia 46. Mauzo wana 3M yao ya uhakika kwa limit-at, ila bila kikomo cha 2M mjanja mmoja angemeza nafasi yote inayobaki.