Kabla hujanunua bunduki ya kauboi yenye mtutu mfupi

Muuzaji alivuta wenzo mara mbili, akachungulia ndani kuhakikisha hakuna risasi, akaufunga tena. Kisha akachukua ufito mwembamba wa mbao, akautumbukiza mdomoni mwa mtutu mpaka ukagota. Pale ufito ulipochomoza akatia alama ya penseli, akautoa na kuulaza juu ya rula iliyogundishwa kwenye kaunta. Inchi 16 na robo. "Hapo sawa," akasema, akanisogezea fomu.

Nilimwona kama mtu mwenye wasiwasi wa bure. Siku hizi namwona ndiye aliyenifundisha jambo la kwanza ambalo kila Mswahili anayeishi Marekani na anayeitamani bunduki hii angepaswa kulijua: upimaji huo, kutoka uso wa boliti iliyofungwa (chuma kinachoziba nyuma ya risasi) hadi mdomo wa mtutu, ndio unaoamua kama umebeba bunduki ya kawaida au silaha inayotakiwa iwe kwenye daftari la serikali kuu. Kifaa kinachofunguliwa kwa mkono pale mdomoni hakihesabiwi. Mtutu ukipungua inchi 16, au bunduki nzima ikipungua inchi 26, umeingia kwenye sheria ya silaha ya serikali kuu ya mwaka 1934, NFA, na kuwa nayo bila usajili kunaweza kukufunga hadi miaka 10. Kwa mwenye grini kadi kuna kifungo cha pili ambacho raia hana: kutiwa hatiani kwa kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini, hata kama umeishi hapa miaka 20 na watoto wako hawajui njia ya kwenda Kigoma.

Sheria yenyewe ina kichekesho chake. Muswada wa 1934 ulilenga pia bastola, na bunduki fupi zikaingizwa humo ili mtu asikate bunduki ndefu akaifanya bastola ya ujanja. Bungeni bastola zikaondolewa, bunduki fupi zikasahauliwa mle ndani. Kipimo cha mwanzo kilikuwa inchi 18. Kwa raifo, tofauti na shotgun, kikashushwa hadi 16 mwaka 1960. Ndiyo maana leo, katika majimbo mengi, utatoka dukani na bastola mchana huohuo, lakini bunduki ya inchi 15 itakudai alama za vidole na picha. Usitafute mantiki hapo. Pima tu.

Sasa, kwa nini mtu aitake? Bunduki ya wenzo ya kaliba ya bastola ni ile ya filamu za kauboi: risasi zimepangana ndani ya bomba chini ya mtutu, unavuta mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio, ganda linaruka, risasi mpya inaingia. Wazo la kutumia risasi moja kwa bunduki na bastola ni la zamani. Winchester walitoa ya mwaka 1873 kwa kaliba ya .44-40, baadaye Colt wakatengeneza revolva inayokula risasi ileile, na mtu wa porini akabeba mkanda mmoja badala ya miwili. Nyingi za leo zinafuata mfano wa 1892 uliobuniwa na John Moses Browning, Rossi ya Brazil ikiwa ndiyo ya bei nafuu. Kuna Henry, kuna Marlin 1894, ambayo sasa inatengenezwa na Ruger baada ya kulinunua jina hilo Remington ilipofilisika mwaka 2020.

Ni nyepesi, inakaa vizuri kwenye gari la shamba, na kaliba ya .357 Magnum inakubali pia .38 Special, ambayo ni ya bei ya chini na haipigi teke. Hapa nitoe ushauri wangu mapema: kama ni ya kwanza, chukua .357. Ya .44 Magnum kwenye bunduki nyepesi fupi itakuacha na bega la kuuguza, na utaacha kufanya mazoezi.

Lakini ufupi una mpaka wa faida. Baruti ya risasi ya bastola inaungua haraka. Kichwa cha gramu 10 hivi cha .357 kinachotoka kwenye revolva ya inchi 4 kwa mwendo wa futi 1,200 kwa sekunde, kinaweza kukaribia au kuvuka 1,700 kwenye mtutu wa inchi 16. Hilo ni ongezeko kubwa. Kutoka 16 kwenda 20 unapata kidogo tu. Na ukishuka hadi 12 unapoteza kidogo, huku mlipuko ukikaribia uso wako na masikio. Kwa hiyo zile inchi nne unazozikata zinakupa bunduki inayoingia chini ya kiti cha gari, basi. Mzigo wa karatasi za usajili nao unaubeba mzima.

Karatasi zenyewe zimepungua gharama. Ile kodi ya dola 200 iliyokuwepo tangu 1934 ilifutwa kwa bunduki fupi kuanzia tarehe 1 Januari 2026, kwa sheria iliyotiwa saini Julai 2025. Watu wengi wamesikia nusu ya habari hiyo wakadhani usajili nao umefutwa. Haukufutwa. Kama unanunua iliyokwisha fupishwa, ni Fomu 4 ya ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, na bunduki inabaki kwa muuzaji mpaka idhini itoke. Kama unataka kuifupisha mwenyewe, ni Fomu 1, na idhini inatoka kabla msumeno haujagusa chuma. Kuna kijana aliniambia atakata kwanza, "halafu nitajaza." Nilimwambia akaoshe magari.

Halafu kuna jambo la nyumbani ambalo wauzaji hawalisemi. Bunduki fupi iliyosajiliwa kwa jina lako peke yako ni yako peke yako. Mkeo akijua namba za sefu na wewe uko safari ya kazi, kuna swali la nani ameishika. Ndiyo maana wengi hufungua amana ya kisheria (trust) na kuwaandika wote wawili, na tangu 2016 kila aliyeandikwa humo kama mhusika lazima naye atoe picha na alama za vidole. Ukitaka kuivusha kwenda jimbo lingine, unaomba idhini ya ATF kabla ya safari. Na majimbo kama California, New York na New Jersey hayamruhusu mwananchi wa kawaida kuwa nayo kabisa, hata awe na karatasi zote za Washington. Mtu anayehamahama kufuata kazi za maghala na malori afikirie hilo mara mbili.

Utaona pia ile inayoitwa mguu wa farasi jike, Mare's Leg kwa jina la dukani, yenye mtutu wa inchi 12 na kitako kilichokatwa. Inauzwa kihalali bila usajili kwa sababu ilizaliwa kiwandani kama bastola. Haikuwahi kuwa na kitako cha begani, na ukiiwekea umetengeneza kosa. Kwa kuwa ni bastola, muuzaji anataka uwe na miaka 21 na ununue jimboni kwako. Bunduki ndefu ni miaka 18 kwa sheria ya serikali kuu, ingawa majimbo mengine yamepandisha. Mimi nimeifyatua mara moja. Ni nzuri kwa kupigia picha. Bila bega hakuna unacholenga.

Kwenye fomu ya kununulia silaha dukani, yaani Fomu 4473, ndipo wenzetu wanapokwama zaidi. Mwenye grini kadi anaweza kununua, na mkimbizi aliyepokelewa kisheria naye hazuiwi na sheria ya serikali kuu kwa hali hiyo. Beba namba ya A, ile namba yako ya uhamiaji. Aliyeko kwa viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, amekatazwa isipokuwa ana leseni halali ya kuwinda au anaangukia ruhusa nyingine chache. Kitambulisho lazima kiwe na anwani unayoishi leo, na sisi tunahama nyumba kila mkataba unapoisha. Leseni yangu ya udereva ilikuwa na anwani ya zamani. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikarudi kesho yake na kadi ya usajili wa gari yenye anwani mpya, nayo ikakubaliwa kwa kuwa imetolewa na serikali.

Majina nayo. Ukaguzi wa rekodi wa FBI ulioanza 1998 unatoa majibu matatu: endelea, subiri, au umekataliwa. Ukiitwa Hassan Juma, au Moussa uliyeandikwa Musa kwenye karatasi nyingine, usishangae kuambiwa subiri kila mara kwa sababu kuna mtu mwingine mwenye jina kama lako. Dawa ipo: unaomba FBI wakuweke kwenye faili la hiari, wanakupa namba ya pekee inayoitwa UPIN, nawe unaijaza kila ununuapo. Swali la fomu kuhusu kutumia bangi lijibu kwa ukweli ukijua kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya serikali kuu. Na usimnunulie shemeji. Kusaini kwamba wewe ndiye mnunuzi halisi huku pesa na bunduki ni za mwingine ni jinai ya hadi miaka 10, au 15 kama huyo mwingine amekatazwa kisheria kuwa na silaha.

Ukiishika bunduki yenyewe, omba ruhusa kwanza, kisha vuta wenzo taratibu, halafu kwa nguvu. Za bei nafuu mara nyingi zinakwaruza mwanzoni. Bonyeza kidole gumba kwenye kile kilango cha pembeni cha kujazia: kama kina makali kitakuchuna ngozi baada ya risasi ya kumi. Baadhi ya Henry hujaziwa kwa kuvuta bomba mbele, zingine zina njia zote mbili. Angalia nyundo inakaa wapi ikivutwa nusu tu, na kama kuna kitufe cha usalama jifunze kukitumia gizani. Niliwahi kununua ya mkononi, kwa mtu binafsi, iliyokuwa ikimeza .357 bila shida, lakini .38 zenye kichwa bapa kabisa zilikuwa zinakwama kwenye kipandisho, kile kibao kinachoinua risasi kuelekea mtutu, kila ya tatu. Bunduki hizi huchagua urefu wa risasi. Nenda na risasi za bandia za aina unayokusudia, uzipitishe zote kabla ya kulipa.

Kwenye bomba usitie vichwa vyenye ncha ngumu kali. Risasi zimefuatana, ncha ya nyuma inaegemea fataki ya mbele, na teke moja linatosha kuwasha. Chagua bapa, au zile za Hornady zenye ncha ya mpira laini zilizotengenezwa kwa kazi hii. Ukipiga .38 nyingi, safisha vizuri chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwani masizi yanajenga pete ambapo ganda fupi linaishia, na .357 itagoma kuingia.

Huku kwetu Ohio wengi wanainunua kwa ajili ya kuwinda kulungu. Tangu 2014 jimbo linaruhusu bunduki za risasi zenye ganda lililonyooka kuanzia .357, zisizidi risasi tatu ndani, magazini na chemba kwa pamoja. Mbali ya yadi 100, iache. Leseni ya kuwinda inataka mafunzo kwanza kama hujawahi kuwa nayo. Na usichanganye: mwaka 2022 Ohio ilifuta sharti la kibali cha kubeba bastola kwa siri, lakini bunduki ndefu yenye risasi ndani ya gari bado ni kosa. Ukienda likizo Mombasa au Dar, bunduki na risasi zinabaki, hata ganda tupu lililosahaulika mfukoni mwa begi litolewe kabla ya uwanja wa ndege.

Sefu inunuliwe kabla ya bunduki, si baada. Zaidi ya nusu ya vifo vya risasi nchini hapa ni watu waliojiua, na nyumba nyingi zetu zimebeba mambo ya vita ambayo hayazungumzwi mezani. Akiwapo mtu anayepitia kipindi kibaya, omba rafiki mwaminifu au duka likuhifadhie, kwa kufuata sheria za jimbo lako.

Ya mwisho ninayomwonyesha mgeni ni kuitoa risasi. Haina magazini ya kuchomoa. Nyingi unavuta wenzo mpaka bomba liishe, zikiruka moja moja juu ya taulo. Nilitia nane. Mke wangu huzihesabu kwa sauti, na siku moja alifika saba akanyamaza. Ya nane ilikuwa bado imelala kwenye kipandisho, nusu ndani nusu nje, na wenzo ulishaonekana umefungwa.