Kunde Ndefu, Maganda Haba: Kilele Kinavyozuia Matawi

Masika yakishika vizuri, kunde za Mwakirunge na za Likoni, hapa Mombasa, hupanda juu mbio mbio, na mwenye shamba huanza kujisifu kwa majirani. Muulize basi amechuma nini. Mara nyingi atakuonyesha shina moja refu jembamba, majani yaliyoachana mbalimbali, na maganda ya kuhesabu kwa vidole. Urefu ni jambo moja na matawi ni jambo jingine, na kila moja lina homoni zake.

Shika mche mmoja uutazame kwa karibu. Pale jani linapoungana na shina, kwenye kwapa, utaona kijicho cha kijani kisichozidi punje ya ulezi. Hicho ni tawi kamili lililolala, na kinacholilaza ni kilele. Majani machanga ya juu hutengeneza homoni iitwayo oksini, nayo hushuka shinani. Maadamu inashuka, vijicho vya chini havithubutu. Mnamo 1933, wanasayansi Thimann na Skoog walilijaribu jambo hili kwenye maharagwe mapana: walipokata kilele, vijicho vilichipuka; walipokata kilele kisha wakaweka oksini juu ya kidonda, vijicho vikaendelea kulala.

Ndiyo maana kunde iliyoliwa ncha na mbuzi wa jirani hurudi ikiwa kichaka, ilimradi mbuzi hakushuka zaidi. Wewe utafanya kazi hiyo hiyo, ila kwa adabu. Subiri mche uwe na majani kamili matano au sita, kwa kawaida wiki ya tatu au ya nne tangu kupanda, kisha bana kilele kwa kucha za kidole gumba na cha shahada. Bakisha makwapa matatu au manne yenye majani yake. Fanya hivyo udongo ukiwa na unyevu. Ukibana kunde iliyokauka kwa jua, utaipa kidonda tu na matawi usiyaone.

Majani ya chini usiyakwangue yote kwa tamaa ya mboga. Kijicho kinapoamka kinataka sukari, na sukari hutoka kwenye majani. Utafiti wa 2014 juu ya njegere ulionyesha kwamba kilele kikikatwa, sukari huvifikia vijicho vya chini kabla oksini haijapungua huko, na vijicho huanza kukua. Anayebana kilele huku akiuvua mmea nguo zote, anaamsha watoto kisha anawanyima chakula.

Sasa nije kwenye lile ambalo wengi hulikosa. Mkulima amebana kwa wakati wake na mvua ipo, lakini kunde haitoi tawi. Kawaida yetu ni kuilaumu mbegu. Mimi ningetazama udongo kwanza. Oksini haiingii yenyewe ndani ya kijicho; hutumia wajumbe. Mmoja ni sitokinini, inayoamsha, na hii oksini huipunguza. Mwingine ni strigolaktoni, inayolaza, na kazi yake ya kuzuia matawi ilijulikana 2008, ikisaidiwa na njegere za ajabu zilizokuwa zikitoa matawi kupita kiasi. Mizizi hutengeneza strigolaktoni kwa wingi pale fosforasi inapopungua. Inaitoa udongoni kuita kuvu rafiki waje kuusaidia mmea kupata fosforasi, na wakati huo huo inauambia mmea juu usifungue matawi, kwa kuwa chakula hakitoshi. Kwa bahati mbaya homoni hii ndiyo pia inayoamsha mbegu za striga, lile gugu linalonyonya mahindi.

Mchanga wetu wa pwani kwa kawaida hauna fosforasi ya kutosha. Kwa hiyo kazi ya matawi huanza siku ya kupanda. Tia samadi iliyoiva kwenye mfereji, na ukipata TSP, mbolea ya fosforasi, ichanganye na udongo kabla ya kuweka mbegu, isiguse mbegu yenyewe. Urea, mbolea ya naitrojeni, achana nayo. Kunde hujitafutia naitrojeni kwa vinundu vya mizizini.

Urefu nao una homoni yake, jiberelini. Mendel, mtawa aliyechunguza urithi wa mimea na kuandika habari za njegere ndefu na fupi mwaka 1866, hakuijua. Mwaka 1997 ndipo jeni ya ufupi ule ilipotambuliwa: njegere fupi zinashindwa kukamilisha kutengeneza jiberelini. Kwa hiyo urefu wa kunde yako kwanza umo kwenye mbegu. Ukitaka majani na punje pia, aina kama K80 na M66 zinafaa zote mbili.

Baada ya mbegu kuna kivuli. Kunde iliyopandwa chini ya mwembe hujihisi imezibwa, huongeza urefu kutafuta jua, na matawi huyaahirisha. Minazi iliyoachana vizuri si neno. Mwembe ni balaa. Hata kunde zenyewe hutiana kivuli zikisongamana: nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo inatosha. Na kabla ya kununua dawa ya kupulizia majani agroveti, soma kibandiko. Ikiwa ina jiberelini, utakuwa umenunua urefu, na urefu ulikuwa nao tayari.

Mbaazi nazo hukubali kubanwa. Wakulima wa India hufanya hivyo, na kwetu, ambako mbaazi za nazi na mahamri ndicho kifungua kinywa, sioni kwa nini tusijaribu kwenye zile za muda mrefu zikifika magotini. Pojo ziache. Msimu wake ni mfupi, na kuzibana ni kuzichelewesha kutoa maua wakati mvua inakaribia kwisha.

Anza na mistari miwili tu, uache miwili ya pili bila kubana, utazame tofauti kwa macho yako. Kwenye mistari ya punje, acha kuchuma mboga maua yakianza. Vile vilele ulivyobana usivitupe: vioshe, vikate vyembamba, uvitilie tui zito. Ni laini kuliko jani lolote utakalochuma baadaye.