Kukausha Maua ya Kadi na Watoto, Mombasa

Anza na bogenvilia, hasa kwa watoto wadogo. Zile sehemu za rangi si maua, ni majani membamba yasiyo na maji mengi. Ua lenyewe ni kile kijiua cheupe cha katikati; king'oe, la sivyo kitaacha nundu. Vinka, kile kiua cha bustanini chenye petali tano, pia hulala vizuri. Waridi zima na msanapichi achana nayo: nje hukauka, ndani huoza. Asumini hugeuka kahawia, heri ibaki kwenye vikuba. Oleanda mtoto asiiguse, ina sumu kuanzia majani hadi maua. Vinka nayo si ya kutiwa mdomoni, kwa hivyo mikono ioshwe baada ya kazi.

Chumeni kama saa nne asubuhi, umande ukishakauka. Ukuta ukiwa wa jirani, pigeni hodi kwanza.

Kata boksi la katoni vipande viwili, sentimita 20 kwa 30. Juu ya kimoja tandika kurasa 4 za gazeti, kisha karatasi nyeupe, kisha maua yasiyogusana. Funika kwa karatasi nyeupe nyingine, kurasa 4, na kipande cha pili. Karatasi nyeupe huzuia wino wa gazeti usiingie kwenye maua. Tishu usitumie, vinundu vyake hujichora kwenye petali. Juu weka vidumu viwili vya lita 5 vilivyojaa maji, vifuniko vikiwa vimekazwa: hizo ni kilo 10. Mahali pawe na hewa, mbali na jiko na bafu.

Kosa kubwa hapa pwani ni kufunga na kusahau. Gazeti hunyonya maji ya ua na ya hewa pia, likishiba ukungu huingia. Badilisha magazeti baada ya siku 1, halafu kila baada ya siku 2. Yale ya zamani yaanike juani yatumike tena. Karatasi nyeupe usiibandue, petali mbichi huchanika. Bogenvilia huchukua kama wiki moja, vinka siku chache zaidi, na masika huongeza muda. Kupima, gusisha ua shavuni: likiwa baridi, bado lina maji.

Mvua ikizidi, mtu mzima atumie pasi isiyo na mvuke, moto wa chini, ua likiwa kati ya karatasi mbili. Bonyeza sekunde 10, inua, acha lipoe, rudia. Pasi ikiburutwa, petali hujikunja.

Kwenye kadi, tia nukta 2 au 3 za gundi nyeupe kwa kijiti cha meno. Watoto hupenda kumimina, na gundi nyingi hulilowesha ua upya, likakunjamana. Kandamiza kwa kitabu nusu saa, kisha funika kwa selotepu pana, ukianzia ukingo mmoja na kufuata kwa rula ili hewa itoke. Kadi isikae dirishani. Jua huipausha rangi hata chini ya selotepu.