Somo: Kusoma rangi ya poni na alama zilizojificha chini yake

Poni, yaani farasi wa kimo kidogo, anaweza kubeba jeni ya mabaka meupe maisha yake yote bila kuonyesha baka lolote, kisha mtoto wake akazaliwa na mabaka ubavu mzima. Kwa hiyo, kabla hujampandisha, msome kwa utaratibu ufuatao.

Hatua ya 1: Tambua rangi ya msingi. Rangi zote hujengwa juu ya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Jeni ya MC1R ndiyo huruhusu weusi. Poni aliyerithi nakala dhaifu kwa baba na kwa mama huwa mwekundu mwili mzima, na wazazi wawili wekundu hawazai mtoto mweusi. Jeni ya ASIP husukuma weusi kwenye miguu, singa na mkia, lakini kwa poni mwekundu haionekani, kwa kuwa hakuna weusi wa kusukumwa.

Hatua ya 2: Tafuta jeni zinazofifisha rangi. Mojawapo, silva, hugusa weusi pekee, hivyo mwekundu huibeba kimya. Usiipuuze, hasa kwa poni wa Shetland, kwani nakala mbili za silva huambatana na kasoro za macho.

Hatua ya 3: Mloweshe. Hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Poni wa kijivu huzaliwa na rangi nyingine, halafu huzidi kuwa mweupe kila mwaka hadi mabaka aliyozaliwa nayo yanamezwa. Mmwagie maji ubavuni mpaka manyoya yalale, nawe utaona ngozi ya waridi pale palipokuwa na baka na ngozi nyeusi kwingineko. Mpakani huwa na ukanda wa samawati, ambapo manyoya meupe yameota juu ya ngozi nyeusi.

Hatua ya 4: Kagua miguu. Tobiano, aina mojawapo ya mabaka meupe, ikijificha mara nyingi hubakiza miguu minne myeupe, huku usoni pakiwa na weupe kidogo tu.

Hatua ya 5: Thibitisha kwa maabara. Nyofoa nywele 20 hadi 30 za singa au mkia pamoja na mizizi yake. Usizikate, kwa sababu vinasaba husomwa kwenye mzizi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, jike wangu ni mweusi na dume ni mwekundu. Mtoto amezaliwa wa dhahabu mwenye singa nyeupe. Imewezekanaje?

Jibu: Jike wako ana nakala moja ya krimu, jeni nyingine inayofifisha rangi, ambayo juu ya weusi ni vigumu kuiona, na pia ana nakala ya wekundu. Mtoto alipopata wekundu pande zote mbili, krimu ikajitokeza.

Swali: Je, kuna mabaka ya hatari?

Jibu: Ndiyo. Ni fremu, inayotokana na jeni ya EDNRB. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mweupe ambaye utumbo wake hauna neva, naye hufa ndani ya siku chache kwa maumivu makali. Kwa kuwa mbebaji anaweza kuwa na mstari mweupe usoni tu, nakusihi sana usiridhike na macho: wapime wazazi wote wawili.

Swali: Wazazi wasio wa kijivu wanaweza kumzaa wa kijivu?

Jibu: Hapana. Nakala moja ya kijivu hujionyesha daima, hivyo ni lazima mzazi mmoja awe nayo. Chunguza kwanza nywele zinazozunguka macho ya mtoto, maana mara nyingi mvi za kwanza hutokea hapo. Ukizikuta, hakikisha upya baba yake ni nani.