Kuipa uhai injini ya zamani ya kubana mafuta

Gari la zamani lililoundwa linywe mafuta kidogo likianza kuwa zito mlimani, wengi wanakimbilia ekzosti kubwa na eya klina ya wazi, na hapo kusema ukweli unanunua kelele tu. Hizi injini zimebanwa makusudi tangu kiwandani, kwahiyo kwanza rudisha nguvu iliyopotea ndo ufikirie kuongeza.

Nachukua mfano wa D15Z1, ile ya Honda Civic VX ya 1992 hadi 1995, lita 1.5, hospawa 92 tu. Kwenye mzunguko wa chini valvu moja ya kuingiza hewa kila silinda inafunguka kiduchu sana, ukifika kama rpm (mizunguko kwa dakika) 2500 hivi presha ya oili inaziunganisha roka, ile mikono inayosukuma valvu, halafu valvu zote mbili zinaanza kufanya kazi sawasawa. Mfumo huo ndo Honda wanaita VTEC.

Anza na kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya kila silinda. Injini iwe ya moto, zima mfumo wa mafuta na wa moto wa plagi, toa plagi zote, funga geji kwenye silinda ya kwanza, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini halafu piga stata mpaka mshale uache kupanda, andika namba, nenda silinda inayofuata. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake mimina oili kijiko kimoja cha chai kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimeisha. Isipopanda angalia valvu, na mara nyingine ni tapeti tu zimebana, yaani nafasi ya valvu imekuwa ndogo mno, unazirekebisha injini ikiwa baridi kwa vipimo vya kitabu cha gari lako. Kama kompresheni imekufa achana na mengine yote kwanza.

Ikiwa iko poa, cheki oili. Ikiwa chafu au imepungua ile valvu ya pili haianzi kufunguka sawasawa, gari linavuta mwanzo halafu linakata pumzi. Fungua solenoidi ya VTEC, ile valvu ya umeme inayopitisha oili kwenda kwenye roka, uangalie kichujio chake kidogo, ukikuta tope jeusi limeziba basi umempata mwizi wako. Na usiweke oili nzito kuliko iliyoandikwa eti injini imezeeka.

Sensa ya oksijeni ya hii injini ina waya tano, sio ile ya kawaida, inasoma mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko kawaida, ukichomeka ya bei rahisi isiyo yake kompyuta inachanganyikiwa, nguvu inaondoka na mafuta yanaenda. Thamostati pia, ikikwama wazi injini haipati joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kama vile ndo umewasha asubuhi.

Plagi, waya zake, eya klina, taimingi, hizo fanya tu bila kujiuliza.

Baada ya hapo ukitaka zaidi mi ningeenda kwenye gia boksi kabla ya injini, maana gia za haya magari ni ndefu ili injini izunguke taratibu barabara kuu. Gia boksi ya Civic nyingine ya kizazi hicho yenye gia fupi inabadilisha gari kabisa, hata hospawa hujaongeza, ila rpm zitapanda kwenye mwendo uleule na mafuta utalipa. Kama unashinda kwenye highway, acha ya kwake.