Kabla hujapiga hodi kwenye makao ya watoto Chennai

Wengi wetu tunaofika Chennai, India, tumempeleka mgonjwa. Akishafanyiwa upasuaji, zinabaki wiki mbili tatu za kusubiri kliniki, na hapo ndipo mmoja husema: twendeni basi tukawaone yatima, tutoe sadaka. Nia ni njema, lakini usitoke hivi hivi ukadandia bajaji.

Kwanza, hilo neno yatima liache nyumba ya wageni. Wengi kati ya watoto hao wana mama au baba aliye hai, ila ufukara, ugonjwa au ugomvi wa nyumbani umewatenganisha. Ukimuuliza mtoto wazazi wake walikufaje, umemtonesha kidonda kisichokuhusu.

Piga simu siku kadhaa kabla. Kwa sheria ya India ya watoto ya 2015, makao yote yanatakiwa kusajiliwa, na kila wilaya ina kamati ya ustawi wa watoto inayoamua nani apelekwe wapi. Kwa hiyo ukiombwa pasipoti na kuulizwa maswali mengi, usinune. Mimi huwa nashuku zaidi pale ambapo dereva anakupeleka mwenyewe, geti linafunguliwa bila swali, na bahasha ya mchango iko mezani tayari.

Simu yako iwe mfukoni. Sheria hiyohiyo inakataza kutangaza jina, picha au shule ya mtoto aliye chini ya uangalizi wa makao, na adhabu yaweza kufika kifungo cha miezi sita au faini ya rupia laki mbili. Picha ya kuweka 'status' ni kutangaza. Na kama umeshinda wodini na kifua kinakukereketa, ahirisha.

Kuhusu sadaka, watu hujikwaa sana hapa. India ina sheria ya michango kutoka nje, FCRA ya 2010, na mchango wa raia wa kigeni huhesabiwa wa nje hata ukiutoa kwa rupia. Makao yasiyo na kibali cha kupokea michango ya nje yanaweza kuingia matatani kwa sababu ya ukarimu wako. Sheria inagusa hata vitu, kwa hiyo uliza kabla ya kununua gunia la mchele, na dai risiti. Wenyeji wana desturi nzuri ya kulipia mlo wa siku nzima mtu anapotimiza mwaka wa kuzaliwa, au wanapomkumbuka marehemu. Sisi wa hitima tunaielewa mara moja. Uliza pia wanakula nini, maana makao mengine hayaingizi nyama wala mayai.

Kihindi ulichookota kwenye filamu hakitakusaidia sana. Chennai ni Kitamil. Jifunze salamu yao, 'vanakkam', viganja vikiwa vimekutana kifuani. Vua viatu mlangoni, kula kwa mkono wa kulia. Watakuita akka ukiwa mwanamke, anna ukiwa mwanamume, yaani dada mkubwa na kaka mkubwa. Kama umesuka, nywele zako zitashikwashikwa.

Lakini hayo yote ni mepesi. Linalomkuta mgeni bila kujiandaa ni dakika tano za mwanzo. Utakuta wakubwa wamepangwa mstari, wanaimba wimbo waliouimba kwa wageni wengi kabla yako. Wadogo watakukimbilia, watakukumbatia miguu, mmoja atapanda mapajani asitake kushuka. Moyo utayeyuka, utasema wananipenda hawa. Tulia kidogo. Mtoto aliyelelewa mikononi mwa watu wake akiona mgeni hujificha kwanza nyuma ya nguo ya mama, achungulie. Anayemrukia yeyote aingiaye huenda amezoea watu wanaokuja na kuondoka, akajifunza kuchota upendo upesi kabla mlango haujafungwa. Usimsukume, usimbebe saa nzima pia. Kaa chini sakafuni, cheza na kundi, na mlezi wake wa kila siku abaki ndiye mkubwa machoni pake. Tazama kama mtoto akianguka humkimbilia mlezi huyo. Hilo litakueleza zaidi kuhusu makao kuliko rangi za ukutani na usafi wa mashuka.

Wakati wa kuaga, mmoja atakishika kidole chako na kuuliza utakuja lini tena. Kama ndege yako ni Alhamisi, mwambie ndege yangu ni Alhamisi.