Somo: Kufufua Datsun 240Z bila kulipotezea asili yake

Wengi wanaoniuliza kuhusu 240Z, gari la spoti ambalo Nissan waliliuza kwa jina la Datsun, huanza na rangi. Gari liko juu ya matofali, panya wamezaa ndani ya siti, lakini mwenyewe anataka kujua atapata wapi ile nyekundu yenye boneti nyeusi, kama ya gari lililoshinda Safari Rally ya 1971. Namwelewa. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mwaka ule, na 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena, tena kwa tundu la sindano, maana walilingana pointi na Datsun nyingine ya Harry Källström. Aliyekua Afrika Mashariki miaka ile, jina Datsun kwake ni kama jina la mjomba. Lakini rangi ndiyo kazi ya mwisho, na hapa nitaipa sentensi chache tu.

Hatua ya 1: Namba kwanza, spana baadaye

Fungua boneti. Namba ya chasisi imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na chumba cha abiria. Ikianza na HS30, hiyo ni 240Z ya usukani wa kulia. HLS30 ni ya usukani wa kushoto, nyingi zilikwenda Marekani. S30 peke yake ni Fairlady Z, jina la gari hilihili kwenye soko la Japani, yenye injini ndogo ya L20. PS30 ni Z432, na hiyo ni adimu kiasi kwamba ukiona mtu anakuuzia moja kwa bei ya kirafiki, funga pochi yako. Namba isipolingana na kitabu cha gari, ondoka, hata kama bodi inang'aa.

Halafu tazama injini. Alama L24, ndiyo aina ya injini ya 240Z, imegongwa ubavuni mwa bloku, upande wa kulia, pamoja na namba yake. Ni silinda sita za mstari mmoja, 2393 cc. Silinda hedi nayo ina alama karibu na plagi: E31 ni ya magari ya mwanzo, E88 ya yaliyofuata. Hedi ya E31 kwenye gari la 1973 maana yake kuna mtu alishapita humo kabla yako. Si dhambi, ila lijue kabla ya kutoa pesa.

Jambo jingine dogo: magari ya mwanzo yana matundu mawili ya kutolea hewa kwenye mlango wa nyuma. Kuanzia mwanzoni mwa 1971 yalihamishiwa kwenye nguzo za pembeni, penye nembo ya duara yenye herufi Z. Nimeona gari lenye vyote viwili. Lilikuwa magari mawili yaliyounganishwa.

Hatua ya 2: Usitupe kitu

Piga picha kabla ya kufungua, wakati wa kufungua, na baada ya kufungua. Kila bolti kwenye mfuko wake, kila mfuko uandikwe kwa kalamu isiyofutika.

Mimi nilijifunza kwa kuumia. Mwaka wangu wa kwanza nilimpa mtu wa vyuma chakavu debe zima la vibano, vikombe vya bushi na bawaba zilizoliwa na kutu. Alinilipa pesa ya chai. Miaka miwili iliyofuata nilikuwa navinunua vitu vilevile kimoja kimoja kutoka Japani, na vingine havikupatikana kabisa. Kitu kibovu cha asili ni kielelezo: fundi wa kukereza akikiona mkononi anaweza kukutengenezea kingine. Ukimwelezea kwa mdomo atakutengenezea anachokidhani.

Hatua ya 3: Kutu

Hapa ndipo magari haya hufia, na sisi wa pwani tuna chumvi juu ya hilo. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa laini isikwaruze, uipitishe polepole chini ya milango, nyuma ya magurudumu ya nyuma, na pembe za chini za madigadi ya mbele. Pale inaposhika, kuna chuma. Pale inapoteleza na kudondoka, kuna puti. Gari moja nililolikagua, sumaku ilidondoka kuanzia mlangoni hadi kwenye tairi, kama sentimita 40 nzima. Mwenyewe aliapa halijawahi kuguswa.

Usiishie nje. Inua kapeti upige sakafu kwa mpini wa bisibisi usikilize: chuma kizima hulia, kilichooza hukohoa. Kisha nenda kwenye trei ya betri. Asidi huvuja pale, hushuka, na kula mhimili wa chasisi ulio chini yake, mahali ambapo hutazami mpaka ulale chali. Tazama pia chini ya waipa, maji hukusanyika humo na kuingia miguuni.

Pati ndogo za chuma, kama mabano na bawaba, usizichome wala kuzisaga. Nunua molasi kwenye duka la vyakula vya mifugo, changanya kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, tumbukiza, sahau wiki mbili. Kutu itaachia, chuma kitabaki. Harufu itakugombanisha na majirani, hilo sina dawa yake. Na usitumbukize kabureta wala kitu chochote cha aluminiamu, kitaharibika.

Kuchomelea mabati mapya ya sakafu ni kazi ya fundi wa bodi mwenye subira. Kabla hajawasha mashine, betri itoke, tangi la petroli litoke, na milango ifungwe ikiwa kwenye bawaba zake, la sivyo gari litajikunja na mlango hautafunga tena.

Hatua ya 4: Kutafuta spea

Namba ya spea ya Nissan ina alama 10, tano kwa tano. Tano za mwanzo zinasema kitu ni nini: 15208 ni chujio la oili, 11044 gasketi ya silinda hedi, 21010 pampu ya maji, 63100 madigadi ya mbele ya kulia. Tano za nyuma zinasema ni ya gari gani, na E41 ni alama utakayokutana nayo sana kwenye 240Z. Muuzaji asiyeweza kukupa namba, mwombe picha ya kitu chenyewe, mbele na nyuma. Kabureta, distributa na alteneta za asili ni Hitachi, na jina limeandikwa juu yake.

Sasa sikiliza, maana hapa pesa nyingi hupotea. Soko kubwa la spea za 240Z liko Marekani, kwa sababu huko ndiko gari liliuzwa kwa wingi. Injini, giaboksi, shokapu, breki za magurudumu, vioo, milango: agiza huko bila hofu. Lakini dashibodi, usukani na mpangilio wa pedali ni vya kushoto, havitakufaa. Hivyo vitafute Japani, Uingereza au Australia. Taa za nyuma za Marekani zinaingia vizuri, ila kiashirio chake ni chekundu. Za Japani zina rangi ya chungwa.

Minada ya Japani inahitaji wakala wa kukununulia na kukusafirishia. Hesabu gharama zote kabla ya kupandisha bei: wakala, usafiri wa ndani Japani, meli, ushuru. Boneti ya bei poa hugeuka ghali kwa sababu ni kubwa, si kwa sababu ni nzito.

Nyumbani nako tafuta. D.T. Dobie ndio waliouza Datsun Kenya, na mafundi wazee wa enzi hizo bado wana vitu chini ya meza. Nenda na kitu kibovu mkononi, salimia vizuri, kunywa chai. Usianze na bei.

Hatua ya 5: Injini

Ukitoa silinda hedi, kwanza chonga kabari ya mti na uishindilie kati ya pande mbili za cheni ya taimingi. Usipofanya hivyo kikaza cheni kitachomoka, na utalazimika kufungua mbele yote ya injini kukirudisha. Kabari ya mbao ya kitanda kizee inatosha, ifunge kamba usije ukaiacha ndani.

Nafasi za vali za L24 hupimwa injini ikiwa moto: 0.25 mm za kuingiza, 0.30 mm za kutolea. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4.

Kabureta mbili zenye vichwa vya duara zikitunzwa ni tamu kuliko chochote. Shika mhimili wa kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, uutikise. Ukicheza, hewa inaingia pembeni, na injini haitatulia gari likiwa limesimama hata ugeuze skrubu mpaka usiku. Mpelekee fundi wa kukereza atie bushi mpya. Juu, kwenye vikombe, tia oili ya SAE 20, si mafuta ya breki kama nilivyowahi kukuta.

Hatua ya 6: Umeme na rangi

Umeme wa taa kubwa hupita wote kwenye swichi ya usukani na boksi la fyuzi, ambalo huchemka na kuyeyuka. Weka rilei, zile swichi ndogo za kubeba umeme mzito badala yake, zifiche. Rangi: tafuta namba ya rangi kwenye kibati cha gari. 918 ni chungwa, 904 nyeupe, 920 ile dhahabu iitwayo Safari. Rudisha iliyozaliwa nayo.

Maswali ya wanachama

*Nakuru:* Fundi, gari la marehemu baba limekaa shambani tangu 1994. Injini haizunguki kabisa. Nilisukume?

Usilisukume, na usiguse starta. Toa plagi zote sita, mimina oili nyepesi kila silinda, acha wiki. Kisha weka spana ya 27 kwenye bolti ya puli ya mbele, nenda mbele kidogo, rudi nyuma kidogo. Ikigoma, ongeza oili, subiri tena. Nimewahi kusubiri siku 19.

*Arusha:* Petroli ya sasa haina risasi. Itakula vali?

Tangu 2006 sote tunatumia hiyo. Kwa mwendo wa Jumapili usiwe na wasiwasi. Ila siku ukifungua hedi kwa sababu nyingine, mwambie fundi atie viti vya vali vya chuma kigumu. Hedi za mwanzo zilikuwa na viti laini.

*Kisumu:* Nimepata L28, ile injini kubwa zaidi ya ukoo huohuo, kamili kwa bei nzuri. Niifunge?

Inaingia palepale na ina nguvu zaidi. Ifunge, lakini L24 yako ipake oili, ifunike, uihifadhi. Atakayekuja kununua gari ataiulizia kabla ya kukuuliza hali yako.

*Maskati:* Nina 280Z ya Marekani, 1976. Mafundi wa hapa wanataka kutoa sindano za kupulizia petroli waweke kabureta.

Waambie wakuache, ndugu yangu. Sindano ndiyo asili ya 280Z. Mara nyingi kinachougua ni vichomekeo vya waya vilivyokauka kwa joto, na waya za ardhi zenye kutu. Safisha hivyo kwanza, kimoja kimoja, kabla ya kulaumu kitu kingine.

*Kisauni:* Shikamoo mzee. Dashibodi yangu imepasuka juu. Ninunue ile ya plastiki ya kufunika?

Marahaba mwanangu. Ile ya kufunika inafanana na kofia ya kuazima, na gundi yake huharibu ya chini. Yuko fundi wa siti anayeweza kujaza mpasuko na kuvisha vinili upya, ukimpata. Mpaka hapo egesha kivulini. Yangu ina mipasuko mitatu, nimetandika leso ya mke wangu juu yake, na ameshaiulizia mara mbili.